Sherehe za Kuzaliwa kwa Watoto: Tufurahi kwa Kadiri ya Mfuko Wetu



Himidi zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, mwishoni mwa mwaka 2023 alitujia madrasani baba mmoja, dereva wa bajaji, mkazi wa hapa hapa Buyenzi, Bujumbura. Alikuja baada ya Alasiri, akasimama mlangoni akisubiri tumalize kumsikiliza mtoto aliyekuwa akisoma Suratul Bayyina. Shida yake ilikuwa ada ya wanawe wawili. Miezi minne ilikuwa imepita bila kulipwa kitu. "Mwalimu," alisema, "hali unaiona mwenyewe. Mafuta hakuna. Nalala kituoni na bajaji, na nikipata lita tatu nashukuru Mungu."

Hali tulikuwa tunaiona kweli. Machi 2022 bajaji, pikipiki na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, na watu wengi wa mtaa wetu walipoteza nusu ya riziki yao kwa siku moja. Mei 2023 faranga ikashushwa thamani, bei zikaruka, na foleni za mafuta zikawa ndefu hata watu wakawa wanapeana zamu ya kulala ndani yake. Kwa hiyo tungempa jibu la kheri pale pale, lau si jambo moja. Jumapili mbili kabla ya siku hiyo tulipita mbele ya nyumba yake tukaona turubai limefungwa barabarani, viti vya kukodi vimepangwa, spika mbili zenye kimo cha mtu, na juu ya meza keki ya ghorofa mbili yenye krimu ya buluu. Ilikuwa sherehe ya mtoto wake wa mwisho kutimiza miaka mitatu.

Basi tukamwuliza bila kuzunguka: "Na ile sherehe, ndugu yetu?"

Hakukasirika. Alivuta kiti cha mtoto akakaa, magoti yakamfika kifuani, akatueleza. Mwezi wa nane jirani yao alikuwa amemfanyia mwanawe sherehe kama ile, na mama wa watoto wake alichangia. Kabla ya hapo alichangia kwa shemeji yake. Kabla ya hapo kwa rafiki yake wa upatu. "Sasa ilipofika zamu yetu, Mwalimu, ningesema nini? Niseme sisi tunakula vya watu tu?" Turubai na viti alivichukua kwa ahadi. Keki alilipa nusu. Mchele na mafuta ya kupikia alikopa kwa mwenye duka ambaye ndiye anayemkopesha unga wa kila siku, na tangu hapo mwenye duka amemfungia daftari.

Tukauliza mtoto alifurahi vipi. Akacheka kidogo. Mtoto, alisema, alilala saa kumi na mbili jioni, kabla keki haijakatwa. Wakamwamsha apigwe picha. Akalia mpaka akatapika.

Tulimstahimilia ada, maana watoto hawana kosa. Lakini tumekaa na maneno yake kwa muda mrefu, na leo tunataka kuyasemea, tukitaraji kwamba wapo wazazi wengine, hapa Bujumbura, na huko Nyamirambo, Uvira, Bukavu na Kigoma, ambao daftari lao dukani limefungwa kwa sababu kama hiyo.

Tunajua msomaji anangoja tuanze na hukumu. Tuseme kwa ufupi. Walimu tuliosoma kwao, wengi wao, hawakuikubali sherehe ya kila mwaka ya kuzaliwa. Wanaiona ni kuiga desturi za watu wengine, na kwamba Uislamu umetupa Idd mbili zikatutosha. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioiweka katika mambo ya ada, si ibada, wakairuhusu iwapo haina ndani yake jambo la haramu. Mwaka 2008 mjadala huu ulitikisa hata Saudia, pale Shehe Salman al-Ouda alipoonyesha wepesi katika suala hili, na Shehe Abdulaziz Al al-Sheikh, aliyekuwa Mufti Mkuu wa nchi hiyo, akampinga. Sisi tumebaki na walimu wetu: nyumbani kwetu hatuisherehekei. Anayetaka dalili kwa urefu atazipata kwa mashehe wake, na si kusudio letu kuzifungua hapa.

Kusudio letu ni lile ambalo pande zote mbili zinakubaliana, na ambalo sisi walimu tumelitaja kidogo mno. Hakuna mwanazuoni yeyote, mkali au mpole, aliyesema kwamba mtu asiye na kitu akope ili mtoto wa miaka mitatu apigwe picha na keki. Katika Suratul Israai, aya ya 26 na 27, wenye kufuja mali wamehesabiwa kuwa ndugu wa mashetani. Na tunaposoma aya hizo fikra zetu zinakimbilia kwa matajiri, kana kwamba maskini hawezi kufuja. Anaweza. Maskini akifuja anafuja cha kesho, tena cha mtu mwingine. Na deni si jambo jepesi katika dini yetu. Imepokewa kwamba liliposogezwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.) aliuliza kama marehemu ana deni, na alipoambiwa analo na hakuacha cha kulilipa, aliwaambia maswahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada (r.a.) aliposimama akalibeba deni lile. Fikiri, ndugu yetu, kama deni hilo lingekuwa ni la krimu ya buluu.

Lakini tusiwalaumu wazazi peke yao. Na sisi walimu tuna sehemu yetu, na pengine ni kubwa.

Binti yetu alizaliwa Julai 2015. Waliokuwepo Bujumbura wanaujua mwaka huo. Tangu mwezi wa nne kulikuwa na maandamano na risasi, mwezi wa tano jaribio la mapinduzi, na majirani zetu wengi walikuwa wamekwishavuka kwenda Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu. Mtoto alizaliwa usiku, tukamwadhinia sikioni kwa sauti ya chini. Siku ya saba ilipofika tulimpa jina, basi. Hapakuwa na mbuzi, wala wa kumla. Tukasema: hali ikitulia tutamfanyia akika yake. Hali ikatulia kiasi, na sisi tukasahau. Kila mwaka palikuwa na jambo: bati la kuezeka, homa ya mama yake, ada ya kaka yake. Hivi ndivyo mambo ya sunna yanavyotoweka majumbani, bila mtu kuyakataa.

Alipofika miaka saba alirudi shule siku moja akatuuliza: "Baba, mimi nilizaliwa tarehe ngapi?" Darasani kwao mwenzake alikuwa ameimbiwa, amevikwa taji la karatasi, na mama yake amepeleka pipi. Tukamwambia kwa ile sauti yetu ya ubaoni: "Sisi hatufanyi mambo hayo." Akatafakari kidogo, kisha akauliza: "Basi sisi tunafanya nini?"

Ndugu wasomaji, sisi tumesomesha zaidi ya miaka ishirini, na hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemnyang'anya kitu bila kuweka kingine mahali pake. Mama yake alikuwa jikoni akisikiliza, akatuangalia tu. Jioni, watoto walipolala, akasema: "Mwalimu wa watu, akika ya mwanao iko wapi?"

Akika, kwa wale ambao wameisahau kama tulivyoisahau sisi, ni mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto kumshukuru Allah. Siku yake iliyo bora ni ya saba tangu kuzaliwa, pamoja na kunyolewa nywele na kupewa jina. Mtoto wa kiume hupendekezwa mbuzi au kondoo wawili, wa kike mmoja, na asiyeweza wawili kwa mvulana, mmoja humtosha, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwafanyia wajukuu zake Hasan na Husein (r.a.). Kwa wanazuoni walio wengi ni sunna iliyotiliwa mkazo, si faradhi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo wengi wetu katika ukanda huu tunayafuata, siku ya saba ikipita nafasi haijafungwa: mzazi anaweza kumfanyia mwanawe mpaka atakapobaleghe. Maana yake ni kwamba binti yetu wa miaka saba alikuwa bado anatudai.

Wapo watakaosema: Mwalimu, umetukataza keki umetuletea mbuzi, na mbuzi ni ghali kuliko keki. Ni kweli, ukimnunua sokoni siku ile ile, tena siku za Idd, utapigwa bei. Sisi hatukuwa na fedha hizo. Tulichofanya ni hiki: tulimnunua mbuzi mchanga mikononi mwa ndugu yetu anayelima upande wa Rumonge, kwa bei ya mbuzi mchanga, tukamwachia amfuge pamoja na wake, kwa makubaliano kwamba mapaja mawili ni yake. Tukasubiri mwaka na zaidi. Jambo la kuangalia ni umri: Shafi'i anataka mbuzi aliyetimiza miaka miwili, na kwa maimamu wengine mwaka mmoja unatosha, na katika rai zote awe hana kasoro, si kiguru wala mwenye jicho bovu. Wa kwetu alikuwa amepita mwaka akielekea wa pili, tukachukua rai ya walio wengi. Mwenye kutaka kufuata Shafi'i sawasawa na asubiri zaidi. Subira haina bei.

Na asiyeweza hata mbuzi mchanga hana dhambi. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumewaona watu wakikimbia deni la keki wakaingia deni la akika, wakidhani hilo lina thawabu. Imepokewa kwa Imamu Ahmad kwamba alitaraji Allah atampa badala mwenye kukopa ili aihuishe sunna hii, lakini wanazuoni wamelifahamu kuwa ni kwa yule mwenye njia ya kulipa, mwenye mshahara unaokuja mwisho wa mwezi au mavuno yaliyokwisha kukauka shambani. Dereva wetu wa bajaji hamo katika hao. Na lipo jambo jepesi zaidi ambalo hata yeye angeliweza mtoto wake alipozaliwa: nywele za mtoto anaponyolewa hupimwa, na uzito wake ukatolewa sadaka kwa thamani ya fedha. Zilipopimwa nywele za Hasan (r.a.), uzito ulikuwa dirhamu moja au sehemu ya dirhamu, yaani kama gramu 3 hivi. Ulizeni kwa sonara bei ya gramu 3 za fedha. Mtashangaa udogo wake.

Basi siku ya akika ikafika, Jumapili moja ya mwaka 2023, baada ya Adhuhuri. Tutaieleza kwa vipimo, kwa kuwa mama wengi wametuuliza.

Tulialika watoto 24: wa darasa lake la madrasa, na wa nyumba sita zinazotuzunguka. Wazazi hatukuwaalika, nao walikuja vile vile, lakini tulikuwa tumelitarajia. Kadi hatukuchapisha. Binti alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba akishikana mkono na kaka yake, na akawaambia alivyofundishwa: njooni na matumbo yenu, msilete kitu. Hili la kutoleta kitu tuliliweka makusudi, na tutaeleza sababu.

Wali ulikuwa kilo 4. Nyama tuliigawa kabla haijaingia jikoni: mapaja ya mtu wa Rumonge, sehemu ya wajane wawili wa jirani, na iliyobaki ikapikwa. Katika fiqhi yetu hupendekezwa nyama ya akika ipikwe kabla ya kutolewa, na kwa kitu chenye utamu, kwa kutaraji utamu wa tabia ya mtoto. Mama yao alitia zabibu kiganja kimoja na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa na utamu wake. Mandazi yalikuwa ya kilo 2 za unga, yakatoka hamsini na kitu madogo madogo, ya ukubwa wa mkono wa mtoto. Hilo ni jambo la maana. Mtoto hapimi andazi kwa uzito, anahesabu: wawili kwake ni bora kuliko mmoja mkubwa. Kinywaji kilikuwa cha marakuja, ambayo Burundi haikosi, na kwa kuwa sukari ilikuwa adimu sana wakati ule tulitumia kilo moja tu, maji yakawa mengi, na hakuna mtoto aliyelalamika. Wakubwa ndio waliolalamika. Soda hatukununua hata chupa moja.

Viti hatukukodi, tulitandika mikeka ya madrasa. Spika hatukukodi, tulileta dufu mbili, na wasichana wakaimba kaswida wanazozijua. Mtu asituambie dufu ni bidaa: binti wa Kiansari wawili waliimba nyumbani kwa Bi. Aisha (r.a.) siku ya Idd, na Abubakar (r.a.) alipotaka kuwanyamazisha, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache. Michezo ilikuwa ya kukimbia na ndimu juu ya kijiko (yai ni ghali), kuvuta kamba, na kutafuta tende zilizofichwa uani. Tulitaka pia kuweka mashindano ya kuhifadhi Juzuu Amma, lakini watoto walipomwona kaka yao amekwishaficha tende, hakuna aliyetusikiliza tena. Tuliliacha.

Jambo moja tulishindwa nalo. Mama yao alikuwa amenunua maputo kumi. Tulinung'unika, tukasema hayo si ya kwetu na ni fedha ya bure. Hakubishana. Aliyapuliza akayafunga kwenye mlango wa uani, mekundu na ya manjano, na mtoto wa kwanza kuingia, kitoto cha miaka minne cha jirani, alisimama pale mlangoni akayatazama mdomo wazi kana kwamba amefunguliwa mlango wa pepo. Maputo kumi yaligharimu chini ya nusu kilo ya sukari. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiyasema maneno yetu kuhusu fedha ya bure kwa hadhari.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Watu wazima walikula zaidi ya tulivyopanga, na wali ulimalizika kabla watoto wanne wa mwisho hawajapata. Ikabidi wapewe mandazi matatu matatu na mchuzi. Mama mkwe wetu aliuliza mbele ya watu: "Hii ni akika au mafunzo ya Ramadhani?" Tukacheka na wengine, ingawa ilituchoma kidogo.

Tuliyemkumbuka siku ile, na ambaye alitupa nguvu ya kucheka, ni Mtume (s.a.w.) mwenyewe katika safari ya kurudi kutoka Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijria. Alipomuoa Bi. Safiyya (r.a.) njiani, karamu ya harusi yake haikuwa na nyama wala mkate. Kwa mapokezi ya Anas (r.a.), palitandikwa ngozi chini, na watu wakaweka walichokuwa nacho: huyu tende, huyu samli, huyu maziwa yaliyokaushwa, vikachanganywa, wakala. Hiyo ndiyo ilikuwa harusi ya kiongozi wa umma huu. Hakukopa kwa Mayahudi wa Khaibar ili apate mbuzi wa kuchinja mbele ya jeshi lake. Na sisi tunaona haya kutandika mkeka mbele ya jirani.

Sasa sababu ya kusema msilete kitu. Ile Jumapili tuliyopita mbele ya nyumba ya yule dereva, nje ya uzio walikuwepo watoto kama kumi, wamebana nyuso kwenye matundu ya mabati. Mmoja wao tulimtambua, ni mwanafunzi wetu, msichana yatima anayelelewa na bibi yake anayeuza ndagala. Nyumba yao na ya dereva zinagusana ukuta. Tulimwuliza kwa nini haingii. Akasema: "Sina zawadi, Mwalimu." Hakuna aliyemfukuza. Tunaamini lau mama wa nyumba angemwona angemvuta ndani kwa mkono. Lakini ndani walikuwa wanaitwa wenye bahasha, majina yakisomwa kwenye spika pamoja na kiasi, na mtoto wa miaka minane anaelewa hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Mtume (s.a.w.) alikihesabu kuwa chakula kibaya kabisa kile cha karamu wanayoitiwa matajiri na kuachwa maskini. Sisi hapa hatuna hata matajiri wa kuwaita. Tumewaacha maskini ili tuwaite maskini wenzao waliokopa bahasha.

Kwa hiyo, mzazi ambaye hukubaliani na sisi katika hukumu, na umekwisha amua kwamba siku ya mwanao haitapita kimya, tunakuomba mambo machache tu. Ita watoto, si wazazi. Usisome bahasha, na ukiweza usipokee. Fanya mchana, kabla ya Alasiri, mtoto awe macho katika siku inayoitwa yake. Toa kwanza sahani ya jirani mwenye yatima. Na picha, kama lazima zipigwe, zisiwekwe WhatsApp usiku ule ule, maana hapo ndipo mama wa nyumba ya tatu anapoanza kukosa usingizi, na mwezi unaofuata mume wake atakuwa mlangoni kwetu.

Nanyi kina mama, mtuwie radhi, kuna neno hatuwezi kulimeza. Mchango wa zamu katika sherehe za watoto umegeuka kodi. Mnaanza kwa wema, na kusaidiana ni jambo la dini, lakini mmoja akikwama daftari linatolewa na jina lake linatajwa. Mwenye ujasiri na aanze yeye: ikifika zamu yake, aseme wazi hafanyi, na alichowatoa wenzake amewasamehe. Atasemwa wiki mbili. Sisi tunasemwa tangu mwaka 2023 kwa ajili ya wali uliopungua, na bado tunakula na kulala. Na akina baba tusijifiche nyuma yenu, kwani wengi wetu tunasema "ni mambo ya wanawake" huku tumefurahi kuona spika mlangoni petu.

Yule dereva alimaliza deni la duka baada ya miezi saba. Ada tulimsamehe nusu, akalipa nusu kidogo kidogo, mara nyingine kwa kuwachukua watoto wa mbali na bajaji yake bila nauli mvua inaponyesha. Kwa akika ya huyo mdogo tumemtafutia njia ya Rumonge. Mbuzi yuko huko, bado mchanga.

Ama binti yetu, jioni ya siku ile mikeka ilipokuwa inakunjwa alikuja akaegemea bega letu, mdomo una sukari. Tulidhani atashukuru. Akauliza: "Na mwaka ujao?" Akika haina mwaka ujao, ni mara moja tu. Tukamwambia akihitimu Juzuu Amma tutawaita wenzake tena kwa mandazi na dufu. Akahesabu kwa vidole sura zilizobaki. "Na maputo?" Tukamtazama mama yake.

Wallaahu a'lam.